Kishindo Kilichochelewa

Muuza kabichi alikuwa amemzoea, lakini siku hiyo uvumilivu ulimwishia.

"Mama, unanunua au unabisha hodi?"

Mwanamke aliyeulizwa alikuwa ameinamia rundo la kabichi, sikio limekaribia jani, kidole kimekunjwa, anagonga. Aligonga ya kwanza akatikisa kichwa. Akagonga ya pili, akatabasamu kama mtu aliyeletewa posa ya binti yake.

"Hii ni taya," alisema. "Nifungie na ile pale, ile ngumu. Ile ni paji la uso."

Muuza kabichi alifunga bila kuuliza zaidi. Majirani walishamnong'oneza kwamba mteja wake huyo hapiki kabichi, anazipiga. Kazini walimwita Mama Kishindo, na jina lilimganda mpaka mume wake, mwoka mikate, akawa analitumia pia, hasa akitaka kumchokoza mbele ya wageni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akipigwa ngumi kwenye sinema, hapigwi. Ngumi inapita hewani, mwigizaji anajibwaga kwenye godoro, na sauti pekee iliyopo hapo ni ya mwongozaji akikohoa. Sauti ya ngumi huja baadaye. Huipika mtu aliyesimama kwenye chumba kisicho na dirisha, macho kwenye skrini, kabichi mezani, akishusha kofi sawasawa na pale ngumi inapofika. Mfupa unaovunjika ni mkate uliokauka. Vidole ni karoti. Joho la shujaa likipepea ni shuka lililoloweshwa likakamuliwa nusu. Kwa miaka ishirini na miwili mtu huyo alikuwa yeye, na ukimwangalia akiwa kazini, jasho linamtiririka, mguu mmoja una kiatu cha kike na mwingine buti la askari, ungedhani mama wa watu amepandwa na mashetani.

Aliingia kwenye kampuni ya filamu kama mfagiaji. Siku moja fundi sauti wa zamani alikuwa amehangaika tangu asubuhi kutafuta sauti ya nyoka anayejipenyeza ndani ya buti. Mfagiaji akapita, akauburuta ufagio wake wa plastiki taratibu pembeni ya ukuta. Fundi sauti akapanda juu ya kiti. Aliposhuka, na ilichukua muda, alimwomba mama yule aache kufagia, na hakufagia tena mpaka leo, hata kwake, asema mumewe.

Kampuni ilijengewa ghorofa na shujaa mmoja tu, Tetemeko. Tetemeko akikanyaga ardhi, ardhi inaitika. Filamu ya kwanza ilikuwa moto wa kuotea mbali. Shujaa alikanyaga, barabara ikapasuka, majambazi wakamezwa na lami, na mji mzima watoto wakavunja vitanda kwa kuruka. Ya pili ilienda hivyohivyo. Ya tatu akapewa mwongozaji mpya, kijana mrefu wa mashati meusi, aliyeamini kwamba mtu akicheka ni kwa sababu hajasoma vya kutosha. Wafanyakazi walimbatiza Bwana Msiba. Katika filamu yake, Tetemeko alisimama juu ya paa dakika kumi na tisa, kwenye mvua, akimwaza marehemu baba yake. Alilia mara saba. Watu waliolipa kiingilio ili waone barabara ikipasuka waligundua wamelipia kilio, kitu ambacho nyumbani kinapatikana bure na kwa ndugu halisi.

Sasa ilikuwa inakuja ya nne, na mwongozaji ni yuleyule, maana mkataba wake ulikuwa umeandikwa vizuri kuliko filamu zake.

Bosi wa kampuni, mwanamke aliyemrithi baba yake kiti na ukali, alishuka mwenyewe hadi chumba cha sauti. Aliweka mezani kisanduku cheusi kidogo kama kipande cha sabuni.

"Unakiona hiki, mama? Mna sauti elfu arobaini humu. Vishindo peke yake ni mia sita. Safi kabisa, na havihitaji kabichi."

"Vinapiga nini?"

"Havipigi kitu. Vimo tu."

Mama Kishindo alikigonga kwa kidole. Kilitoa sauti ya kisanduku.

"Sitakuficha," Bosi alisema. "Nakuachia umalize hii ya nne kwa sababu ya heshima. Ikiwaamsha watu, tutazungumza. Ikiwalaza kama ile ya tatu, hiki chumba nakifanya mahali pa kunywea kahawa, na wewe tunakuaga vizuri, na keki."

Jioni alimsimulia mumewe, ambaye alikuwa anajikung'uta unga mlangoni.

"Mahali pa kahawa," mume alisema. "Hapo watahitaji mikate."

"Baba watoto, uko upande wangu au upande wa kahawa?"

"Upande wako, mke wangu. Ila wewe unachukua iliyokauka. Wale watataka ya moto."

Mama Kishindo alicheka, lakini usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, na zaidi ya hapo, hakuwa na sikio lingine. Angepeleka wapi sikio linalosikia taya ndani ya kabichi?

Filamu iligawanywa vipande kumi, akaanza kazi. Kila kipande kilikuwa na utaratibu uleule: mwanzoni kabisa, kabla ya picha, skrini inamulika mwanga mweupe mara moja, na hapohapo yeye anagonganisha vibao viwili, pa! Kisha anaendelea na ngumi zake. Baadaye mhariri wa picha, binti mpole aliyemwita mama, anachukua ile pa na kuibandika juu ya ule mweupe. Vikishakaa pamoja, ngumi zote zinajipanga zenyewe nyuma yake, kama watoto nyuma ya mwalimu.

Kipande cha saba kilikuwa cha pigano kubwa, Tetemeko dhidi ya Jenerali Kutu, adui anayeozesha chuma kwa kukipumulia. Mama Kishindo aliwasha kinasa sauti, akasimama tayari, vibao mkononi. Mlango ukafunguliwa. Mume wake, na gunia la mikate mikavu begani.

"Hii niiweke wapi?"

Hakuweza kumjibu, maana kinasa kinanasa. Alimgonganishia vibao usoni, pa! kwa maana ya ziba mdomo. Mume akaganda kama sanamu, gunia begani. Sekunde moja na nusu baadaye skrini ikamulika mwanga mweupe, mama akagonga tena, pa! na pigano likaanza. Alipiga kabichi kumi na moja bila kupumzika. Lilikuwa pigano lake bora kuliko yote, na mume alilishuhudia lote akiwa amesimama na gunia, haruhusiwi hata kukohoa.

Kwenye chumba chake, mhariri aliposikia pa ya kwanza, hakuwa na sababu ya kungoja ya pili; akaibandika hiyo juu ya ule mweupe.

Ijumaa Bosi alialika watu sitini kuitazama filamu kabla haijatoka: wafanyakazi, wake na waume zao, mashangazi, na majirani waliovutwa na viti vyenye mito. Yeye alikaa mbele kabisa, lakini kiti chake alikigeuza kuelekea watu. Skrini alikuwa ameshaiona. Mama Kishindo alikaa pembeni na kuanza kuhesabu miayo.

Mpaka kipande cha sita Tetemeko alikuwa ameshalia mara tatu. Shangazi wa mlinzi wa lango alikuwa anakoroma kwa staha. Kisha kikaja cha saba.

Tetemeko alivuta ngumi kutoka nyuma ya mgongo, akamtandika Jenerali Kutu ya taya. Jenerali akapaa, akaanguka, akalala. Kimya. Tetemeko akatengeneza joho lake.

Puu!

Mama Kishindo aliacha kuhesabu miayo. Kwenye skrini maneno yalikuwa sawa na midomo, kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa vishindo vyake. Jenerali alipokuwa anainuka, ndipo ukasikika mgongo wake ukigonga chini. Tetemeko aliruka kutoka ghorofa ya tatu, akatua kimya kama paka kwenye godoro, akainua uso wenye chozi na kuukodolea ukumbi kwa fahari. Ndipo nyuma yake dunia ikaporomoka.

"Kishindo kimeachwa na basi," sauti ya mwanamume ilisema kutoka nyuma.

Ukumbi ukapasuka. Shangazi wa mlinzi aliamka, akauliza nini, akaambiwa, akacheka kuliko waliokuwa macho. Bwana Msiba alisimama mbele ya skrini kwa mikono iliyopanuliwa, na ngumi iliyofuata ikatua mgongoni kwake, baada ya muda. Watu walijifuta machozi.

Taa zilipowashwa Bwana Msiba alikuwa mweupe kama unga.

"Nani ameiua kazi yangu?"

Mhariri aliinua mkono. "Mimi niliibandika pa ya kwanza, sikujua kama kuna..."

"Mwacheni mtoto," Mama Kishindo alisema. "Ya kwanza niliipiga mimi. Nilimpigia mume wangu."

"Ulimpiga mume wako kazini?" Bosi aliuliza.

"Nilimpigia vibao, anyamaze."

"Alinyamaza?"

"Mpaka leo anaongea kwa kunong'ona."

Bosi hakutabasamu, ila aliwageukia mhariri na mwongozaji. "Miaka mitatu sijasikia watu wakicheka kwenye ukumbi huu, ukiondoa siku ya hotuba yangu. Ichelewesheni yote. Filamu nzima, kuanzia mwanzo. Alhamisi tunaonyesha tena."

Walifanya walivyoagizwa. Alhamisi milango ilifungwa kwanza ndiyo ikalia, mvua ilinyesha kavu ndiyo ikasikika, vikombe viligonga meza vikiwa vimeshanyanyuliwa. Hakuna aliyecheka. Baada ya robo saa mtu aliuliza kwa upole kama mashine ni mbovu. Mama mzazi wa Bosi alitoka nje akidai kichwa kinamuuma.

"Kwa hiyo ilikuwa bahati," Bosi alisema, akikunja karatasi zake. "Irudisheni ilivyokuwa. Mafundi wa kabati za vikombe wataanza Jumatatu."

Mama Kishindo alirudi nyumbani kwa miguu, akipiga hesabu ya vicheko. Ile Ijumaa walicheka wapi? Hawakucheka mlango uliposukumwa. Hawakucheka Jenerali alipotembea. Walicheka Tetemeko alipotengeneza joho, na alipowakodolea macho akingoja wamsujudie. Mlango ukichelewa kulia, huo ni ubovu, mwite fundi. Lakini mwenye majivuno akisimama akingoja heshima yake, na heshima ikaja wakati ameshaikatia tamaa, hapo hata maiti itacheka. Na kitu kingine: ingekuwa tamu zaidi kama mwenyewe angekuwa anajua.

Aligeuza njia, akarudi studio, akampata Bwana Msiba anafunga mkoba.

"Jumamosi asubuhi nipe saa moja, mwanangu. Saa moja tu. Ukichoka, nenda zako."

Alikuja Jumamosi, shati jeusi, uso wa kwenda kuzika. Mama Kishindo alimwonyesha zulia nene katikati ya chumba.

"Vua viatu."

"Kwa nini?"

"Vua, nitakwambia."

"Soksi yangu ina tundu."

"Ningetaka soksi ningesema soksi. Vua viatu."

Alivua. Kidole gumba kilichungulia duniani. Mama Kishindo alivivaa vile viatu kwenye mikono yake miwili, akapiga magoti mbele ya ubao. "Haya. Tembea mpaka ukutani kama unavyotembea siku zote."

Bwana Msiba alitembea kama mtu anayefuata jeneza, bila sauti, juu ya zulia. Na kila alipokanyaga, viatu vyake vilikanyaga ubaoni mikononi mwa mama yule: ko, ko, ko. Alifika ukutani akasimama.

Ko.

Aligeuka. Mama alikuwa anaangalia dari.

Akarudi, safari hii haraka. Viatu vilimfuata, vikaachwa nyuma kidogo, vikajitahidi, vikamfikia. Akasimama ghafla. Kimya. Akangoja. Kimya. Akaanza kugeuka, ko.

"Umenivizia."

"Mimi? Wewe ndiye unayetembea."

Akajaribu kunyata. Alipewa hatua za tembo. Akaamua kumtega: aliinua mguu mmoja, akauacha hewani, akamkazia macho. Mama naye hakupiga. Bwana Msiba alianza kuyumba, mikono imetanuka, kidole gumba kinatafuta pa kushika. Mama hakupiga. Mguu ukashuka taratibu, ukagusa zulia. Hakupiga. Mwongozaji akangoja, akangoja, akashusha mabega, akapumua.

Ko.

Kicheko kilichomtoka kilikuwa kama mlango wa stoo uliofungwa tangu enzi za babu: kwanza mkwaruzo, kisha mlio, kisha ukafunguka wote. Alikaa chini kwenye zulia akishika mbavu.

"Tetemeko mwenyewe angejua?" aliuliza alipopata pumzi. "Kwamba nguvu zake zimeanza kuchelewa?"

"Angejua kabla ya watu wote. Na angeficha."

"Kama mzee asiyesikia vizuri."

"Kama mtu mwenye tundu kwenye soksi."

Aliangalia kidole chake. Kisha akaomba karatasi, na saa moja ikawa saa saba.

Walichokipeleka kwa Bosi asubuhi ya Jumatatu, mafundi wa kabati wakiwa wamesimama mlangoni na futi zao, kilikuwa shujaa mwingine ndani ya joho lilelile. Tetemeko amezeeka kidogo. Anakanyaga leo, ardhi inaitika ikipata nafasi. Kwa hiyo hawezi tena kukanyaga na kusimama kama picha. Lazima akanyage hapa, akimbie kule, awazungushe majambazi, awavute mpaka wasimame juu ya pale alipokanyaga, na awapigie porojo wasiondoke. "Subiri kidogo," anamwambia Jenerali Kutu. "Nisubiri nini?" anauliza Jenerali. "Wewe subiri tu, una haraka ya kwenda wapi?" Mapigano yakawa na mbio, mitego na jasho, mambo ambayo dakika kumi na tisa za paa hazikuwahi kuyaona.

Bosi alisoma kurasa zote akiwa amesimama. Aliwapa wiki tatu za kupiga picha upya, akawaambia mafundi wa kabati wakae karibu na simu. Lakini vishindo, alisema, vitoke kwenye kisanduku kwanza, tuone.

Vilitoka. Vilikuwa safi kama alivyosema, na kila kimoja kilichelewa sawasawa na mwenzake. Kwenye onyesho la majaribio, baada ya cha tatu ukumbi ulikuwa umeshajua kinakuja lini, na kichekesho unachokijua saa yake ni ratiba. Mhariri alimgeukia mama.

"Ningoje kiasi gani, mama?"

"Mtu mwenye hofu hangoji sawa na mwenye majivuno, mwanangu. Mwangalie macho. Yakikata tamaa, ndipo."

Akavaa buti lake, akashika kabichi, na hiyo ndiyo filamu iliyopelekwa.

Siku ya kwanza, onyesho la mchana, alikaa kiti cha mwisho cha safu, karibu na mlango, kama mtu mwenye deni na msiba mahali pamoja. Pembeni yake mwanamke mnene alipakata mfuko wa nyanya. Mbele, Bosi alikuwa amegeuza shingo tena, anatazama watu.

Tetemeko alijikuta amezingirwa na majambazi kumi. Alitanua joho. Alikanyaga.

Hakuna kitu.

"Ndiyo hivyo tu?" jambazi mmoja aliuliza.

Kule studio Mama Kishindo alikuwa ameacha pumzi nne hapo. Zilionekana nyingi. Hapa zilikuwa mwaka mzima. Pumzi ya kwanza, Tetemeko alitabasamu. Ya pili, tabasamu likabaki peke yake. Bosi alikuwa anamtafuta Mama Kishindo kwa macho safu kwa safu. Ya tatu, mwanamke wa nyanya aliziba mdomo. Ya nne, shujaa alishusha mabega na, kwa kukosa la kufanya, akainama kana kwamba kiatu kimefunguka kamba.

Kishindo kilikuja kikawafagia wote kumi, na hakuna aliyekisikia mwisho wake, kwa sababu ukumbi ulikuwa umeshakimeza kwa vicheko. Nyanya mbili zilibingirika chini ya viti. Mwenyewe hakuzifuata.

Kufikia katikati kulitokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Tetemeko alikanyaga, kishindo kikachelewa, na watu wakaanza kumsaidia. Kwanza safu moja, kisha ukumbi mzima, miguu chini, du, du, du, wazazi na watoto na wale waliokuja tu kukwepa jua. Sakafu ilitetemeka kwelikweli. Mama Kishindo aliinamisha kichwa akaisikiliza. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameitafuta sauti hiyo ndani ya mboga, na haikuwa mle.

Watu walirudi kuiona mara ya pili na kuleta shangazi zao. Bwana Msiba alianza kuchelewa kazini, akisema anafanya utafiti. Na Jumatatu moja, wakati filamu ya tano imeshaanza kukatwa, Bosi alishuka tena hadi chumba cha sauti na kusimama mlangoni.

"Kahawa tutanywea ghorofani," alisema. "Hiki chumba ni chako mpaka uchoke mwenyewe. Nimeshaandika, ipo kwenye faili. Lakini usinizoee."

"Nani atakuzoea wewe, Bosi?"

"Na mhariri nataka akae hapa siku mbili kwa wiki, umfundishe kungoja."

"Atachelewa kuelewa."

"Ndiyo maana nakuletea mapema."

Mama Kishindo alimshukuru kwa adabu, akamsindikiza hatua tatu, akafunga mlango. Akaegemea ukuta kidogo, macho yamefumbwa, akisikiliza visigino vya Bosi vikipanda ngazi mpaka kile cha mwisho. Kisha akapiga magoti mbele ya ubao wake. Kwenye skrini kulikuwa na farasi anayechechemea, amesimama hapo tangu asubuhi akimngoja, na kati ya miguu yake minne alikuwa amepata sauti ya mitatu tu.